Lango la Moel Gigfran

Blaen Nant
28 Septemba 1946

Dada Morfudd,

Salamu utazikuta mwishoni, karatasi ikibaki. Ninakuandikia kwa ajili ya kondoo tu, usije ukadhani nimeshikwa na ugonjwa wa upole.

Siku ya kuwashusha kondoo kutoka mlima wetu wa Moel Gigfran huku tumeipanga Jumanne ya tarehe nane, mvua ikituhurumia. Unajua kama ninavyojua mimi kwamba upande mmoja ukisukuma peke yake, kondoo wote watavuka kilele na kutuachia mbwa wanahema. Basi watu wako waanze saa moja asubuhi kutoka kwenye lile rundo la mawe la juu, na wangu wataanza saa hiyohiyo kutoka chini ya jabali. Na wewe uwe na saa inayotembea safari hii. Mwaka jana tulikusubiri kama bwana harusi aliyekimbiwa.

Kondoo wako sita wako kwangu. Nimewaona kwa alama ya sikio, ule mkato wa baba kwenye sikio la kushoto. Wananenepa kwa majani yangu, lakini sitadai kitu.

Jambo la pili ni lango. Tangu enzi za babu, theluji ya kwanza ikianguka, malango ya ukuta wa mlima yanaachwa wazi pande zote mbili mpaka iyeyuke, ili mnyama anayekimbia upepo apate pa kushukia. Upepo wetu ni wa magharibi, kwa hiyo ni kondoo wangu wanaokuja kwako. Mwaka jana ulilifungua lako siku mbili baada ya theluji kuanza. Nilipoteza kumi na tisa, na sikusema neno. Mwaka huu ninasema. Fungua mapema.

Mlango ule mwingine ulionifungia sijausahau. Miaka minane sasa. Nilivuka mlima kwenye mvua kuja kumwona baba kabla hajakata roho, ukasimama mlangoni na aproni yako ukaniambia, "Baba hataki kukuona." Ndiyo neno la mwisho nililopata kutoka kwa baba yangu, nalo lilitoka kinywani mwako.

Karatasi imeisha. Salamu zimekosa nafasi.

Tegid


Hafod Las
2 Oktoba 1946

Tegid,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya kucheka. Elis wa Posta aliponikabidhi alisema, "Kuna harufu ya ndugu yako hapa." Nikamwambia afungue dirisha.

Tarehe nane sawa. Saa moja sawa. Saa yangu inatembea vizuri, ni miguu ya watu wako inayolala. Sita wangu utanirudishia siku hiyohiyo, na usiniambie habari ya majani yako. Majani ya Blaen Nant hata sungura huliomba radhi tumbo lake kabla ya kuyala.

Kumi na tisa wako walikufa kwa sababu ni wa kwako. Wamerithi akili ya mwenyewe.

Sasa nikupe habari ikuume. Wakala wa mwenye ardhi alikuja wiki iliyopita, akanywa vikombe vitatu vya chai na kumaliza mkate wangu wa zabibu wote, na vita vimetuachia kuponi za chakula za kuhesabu. Lakini alileta neno zuri. Iolyn wangu anatoka jeshini Aprili, na shamba la Hafod Las litaandikwa kwa jina lake, kama lilivyoandikwa kwa jina la marehemu mume wangu na kwa la baba kabla yake. Sharti ni moja. Tarehe mosi Mei wakala atapanda mlimani, na lazima alikute kundi limesimama pale. Kundi lisipokuwepo, upande wangu wote unapandwa misonobari. Watu wa miti wameshapita na kamba zao za kupimia. Basi wakapime makaburi yao, kwa sababu kundi lipo, mia tatu na zaidi, na litakuwepo.

Najua unavyoitamani Hafod Las. Uliitumikia miaka kumi na tano bila mshahara ukidhani ni yako. Pole. Baba alisema alichosema.

Kuhusu malango, langu litakuwa wazi, maana mimi nimelelewa. Lako wewe lifunge. Tia mnyororo, tia kufuli, mlaze mbwa wako mbele yake. Kondoo wangu hawakanyagi kwako hata parapanda ikilia. Siku nikikuomba lango lako, uwaite waumini wa kanisa lako zima waje wanicheke.

Morfudd


Kambini, Ujerumani
24 Novemba 1946

Mama mpenzi,

Soksi zimefika. Keki nayo ilifika, ila wenzangu wanasema haikufika, kwa jinsi walivyoimaliza.

Huku ni tambarare tupu, macho hayana pa kuegemea. Jioni ninafumba macho napanda Moel Gigfran hatua kwa hatua, kuanzia zizini, napita kwenye chemchemi, mpaka kwenye rundo la mawe. Naweka jiwe langu, nashuka. Ndivyo ninavyolala.

Rafiki yangu mmoja, fundi kutoka Swindon, anafungua gereji na kaka yake, anataka niingie naye. Anasema kondoo ni kazi ya wazee. Akaniuliza, eti huko kwenu mnawezaje kufuga mlimani bila uzio? Nikamwambia, kondoo jike humwonyesha mwanawe mwisho wa malisho yake ni wapi, na huyo naye humwonyesha wake, hivyo hivyo tangu watu ambao majina yao hatuyajui. Ukilipoteza kundi kama hilo hununui jingine. Kondoo wa sokoni ukimweka mlimani leo, kesho utamkuta kwenye bustani ya kasisi. Alicheka mpaka akakohoa. Hajui kitu, maskini.

Mjomba Tegid hajambo? Bado hamsemezani? Nikija nitawaketisha meza moja, nifunge mlango, niweke ufunguo mfukoni. Nyie watu wazima hamna aibu.

Mwanao,
Iolyn


Hafod Las
11 Januari 1947

Mwanangu Iolyn,

Usihangaike na kitu. Baridi ipo, lakini mlima ni mweusi bado, theluji hakuna. Tuliwashusha kondoo Oktoba bila matata, tukawapanga, makoo, wale majike wanaozaa, tukawarudisha juu. Wamenona, utadhani wanakula kanisani.

Wale majike wachanga wa mwaka jana nimewapeleka bondeni karibu na bahari kama kawaida, wakae baridi yote kwenye shamba la watu mpaka Aprili. Ni sitini na watatu. Hao ndio watakuwa wako hasa, maana watazaa mara yao ya kwanza ukiwa wewe ndiye bwana wa hapa.

Mjomba wako yuko kama alivyo. Hilo la ufunguo mfukoni ulisahau, mimi nina ufunguo wa pili.

Huyo fundi mwambie mama yako anasema aendelee kukohoa.

Mama


Hafod Las
26 Januari 1947

Tegid,

Natumaini u mzima.

Theluji imeanza jana, nawe umeiona. Inatoka mashariki. Sikumbuki upepo wa mashariki wa namna hii, wala mama mzee wa shamba la Ty Isaf hakumbuki, naye ana miaka tisini. Nimepanda na mbwa nikawapata kumi na mmoja tu chini ya chemchemi. Wengine wameupa upepo mgongo, nyayo zao zinaelekea kileleni, maana yake zinaelekea kwako.

Sikuombi kitu. Ninakukumbusha desturi ya babu, uliyoniandikia wewe mwenyewe kwa mkono wako Septemba. Malango yote mawili. Elis anasema atajitahidi kuifikisha hii kwa njia ya daraja kabla barabara haijafunga.

Wako,
Morfudd


Hafod Las
3 Februari 1947

Tegid, mdogo wangu,

Elis hajapita siku nne. Barua hii inakaa juu ya kabati ikimngoja, nami ninaiandika hivyo hivyo, kwa sababu nisipoandika nitatembea chumbani mpaka sakafu itoboke.

Haya, waite. Waite watu wa kanisa lako wote waje wanicheke. Ninakuomba. Nimepiga magoti kabisa, kama ulitaka kuyaona magoti yangu. Fungua lango. Kama umekwisha kulifungua, Mungu akulipe, na nisamehe kwa kukudhania. Kama hujafungua, weka chuki zote kwangu mimi, Tegid, si kwa wanyama na si kwa mtoto. Iolyn hana kingine hapa duniani. Anaupanda mlima huu usingizini.

Wale kumi na mmoja niliowapata wamekufa zizini kwa baridi. Nimejaribu kuvuka mara mbili. Mara ya pili theluji ilinifika kifuani, mbwa akanivuta kwa sketi nikarudi.

Yale niliyoandika Oktoba yalikuwa maneno tu. Wewe unanijua tangu tukiwa watoto, najua kusema kuliko ninavyojua kufikiri. Fungua, tafadhali.

Dada yako,
Morfudd


Blaen Nant
21 Machi 1947

Dada Morfudd,

Barabara imefunguka jana. Elis amekuja amekonda, ndevu kama nabii. Barua yako ya Januari ilinifikia tarehe 28 mwezi huohuo, ya Februari imenifikia jana. Poleni na theluji. Huku imeua kila kona. Mimi mwenyewe nimepoteza arobaini, ingawa niliwashusha wangu mapema.

Nina habari isiyo njema. Theluji ilipoyeyuka nimewakuta kondoo wako nyuma ya ukuta wa mlima, upande wa juu. Walikuwa wamerundikana, wengine wamesimama hivyo hivyo. Baadhi walikuwa wamelana manyoya. Theluji iliziba lango, ikawa hakuna mkono wa mtu ungeweza kulifungua. Ni kazi ya Mungu, nasi tunapaswa kuipokea.

Kama desturi inavyotaka kwa anayekuta mzoga wa jirani, nimekata masikio ili ujue wako ni wangapi. Elis atakuletea kwenye gunia la unga. Nimekata ya kushoto tu, yenye alama. Ni mia tatu na nne. Ya kulia yangenila siku nzima na nina kazi.

Mizoga naichoma. Kuni ni juu yangu, usijali.

Tegid


Hafod Las
27 Machi 1947

Tegid,

Gunia limefika. Nililimwaga mezani nikayatazama moja moja, maana kondoo wangu ninawajua. Lile lenye doa jeusi ni la jike mzee aliyekuwa akiongoza njia ya chemchemi. Mama yake alikuwa na doa hilohilo, na bibi yake. Njia ile sasa hakuna anayeijua.

Kisha nilivaa viatu nikavuka mlima. Hukuniona, ulikuwa bondeni unachoma. Moshi wako niliupitia katikati.

Nimeliona lango. Limefungwa kwa mnyororo uliozungushwa mara tatu, na kufuli mpya. Theluji, Tegid, haijui kufunga mnyororo. Na theluji ilirundikana upande wa juu peke yake. Upande wako ukuta ulikuwa mkavu, majani yamelala, na chini yake nimeona mahali mtu aliposimama akavuta tumbaku. Majivu ya kiko, mafungu matano au sita. Ulisimama pale. Uliwasikia.

Kondoo mia tatu wakilia nyuma ya ukuta wanasikika kutoka jikoni kwako. Ulikula nini siku hizo? Ulilala?

Niandikie ukweli. Nina haki ya kuusikia kutoka kwako, kabla sijaamua la kufanya.

Morfudd


Kambini, Ujerumani
6 Aprili 1947

Mama mpenzi,

Heri ya Pasaka! Nina karatasi mkononi: ninaachiwa tarehe 22. Tarehe 24, Alhamisi, nitakuwa stesheni, na usije na gari la mtu yeyote, nataka kutembea.

Magazeti ya huku yameandika theluji ya kwetu kwa herufi kubwa, watu wakanipa pole. Nikawaambia mama yangu hajaniandikia neno baya lolote, na mama yangu hajawahi kukaa na jambo kifuani hata kwa saa moja. Basi nikajua kwamba Mjomba Tegid alifungua lango. Upepo ukiwa wa mashariki, mama, ni yeye wa kufungua, sivyo? Nilifurahi mpaka juma lililopita nikamwandikia yeye pia, kumshukuru. Sasa itabidi mketi meza moja, mtake msitake.

Fundi wa Swindon nimemjibu leo. Nimemwambia hapana, ahsante. Alinuna, akasema nafasi haitangoja. Nikamwambia na mimi sitangoja, kuna mlima unaniita na majike sitini na watatu hawajapata bwana.

Chemsha maji ya kuoga. Nanuka Ulaya nzima.

Mwanao,
Iolyn


Blaen Nant
9 Aprili 1947

Dada,

Uliomba ukweli. Nilisimama pale. Siku ya kwanza nilikwenda na ufunguo mfukoni, kweli kabisa, nikiwa na nia ya kufungua. Barua yako ya Oktoba ilikuwa kwenye mfuko wa pili. Nikaisoma tena pale ukutani. "Tia mnyororo, tia kufuli." Nikasema, ngoja kidogo, ajue ladha yake, nitafungua kesho. Kesho yake nikasema hivyohivyo. Siku ya tatu walikuwa wamenyamaza, na theluji imepanda juu ya ukuta. Hapo hata ningetaka nisingeweza.

Sijalala, ukitaka kujua. Na jana imenifikia barua ya Iolyn kutoka Ujerumani. Ananishukuru. Ananiita baba yake wa pili. Nimeiweka chini ya Biblia kwa sababu siwezi kuitazama.

Lakini sikuandika kuomba huruma. Naandika kwa sababu kuna jambo limeanza, nawe ni mtu wa mlima utanielewa. Kondoo wangu wanavuka. Kilichokuwa kinawazuia kileleni si ukuta wala uzio, ni kondoo wako waliokuwa upande wa pili. Sasa upande wako ni mtupu, wanatiririka kama maji. Juzi niliwakuta thelathini barabara ya daraja. Wakizaa huko, watoto watajifunza huko, na baada ya miaka miwili sitakuwa na kundi, nitakuwa na wazururaji.

Una wale majike wachanga bondeni. Wamezaliwa mlimani, wanaujua. Warudishe, Morfudd. Nitakusaidia kuwachunga kwa mikono yangu, mimi na mbwa wangu, mchana kutwa, mwaka mzima, bure, kama mtumishi wako. Nitatoa makoo wangu mia moja tuwakate alama yako. Kundi litarudi polepole. Mimi na wewe tutakufa, lakini Iolyn atakuwa na mlima, na mlima utakuwa na watu wake.

Mimi nimekosa. Nimeandika, usome tena kama hukuamini. Kwa jina la baba yetu, warudishe.

Mdogo wako,
Tegid


Hafod Las
14 Aprili 1947

Tegid,

Nimesoma. Umeandika vizuri. Baba angefurahi, maana alikuwa akisema wewe ndiye mwenye mkono mzuri wa kalamu.

Na kwa kuwa umemtaja baba, nikuambie. Baba alikuita. Siku ile ulipokuja na mvua, alikuwa amekuita tangu juzi yake. "Tegid amefika? Mwambieni Tegid alete ile karatasi ya wakala, nataka kuandika jina lake." Nilimwambia hujaja. Wewe nikakuambia hataki kukuona. Wakati unashuka njiani alikusikia ukimwita mbwa wako, akajaribu kuinuka. Alikufa saa tisa alasiri akitazama mlangoni. Hafod Las ilikuwa yako. Kwa hiyo umeliua kundi lako mwenyewe, ndugu yangu, lile ulilolitumikia miaka kumi na tano.

Nilikuwa nimeapa kufa na neno hili. Lakini ulitaka nijue ladha, nami si mchoyo.

Sasa majike wachanga. Wakala alikuja Ijumaa. Ni mtu mwema kuliko nilivyodhani. Alisema, "Mama, umebaki na sitini na watatu na wanaujua mlima, huo ni mwanzo. Nitakupa miaka miwili, na kijana wako nitamwandika." Alikuwa na karatasi mbili mfukoni, moja ya Iolyn na moja ya watu wa miti, na kalamu juu ya meza.

Barua ya Iolyn ilikuwa hapohapo, karibu na birika. Alhamisi ya tarehe 24 atakuwa stesheni. Nilikuwa nimeisoma asubuhi, naijua kwa moyo. Nikatia saini ya miti.

Wakala aliniuliza mara tatu kama nimeelewa. Nilielewa. Ningerudisha wale sitini na watatu, ningekuwa nimekuwekea walinzi wako kileleni. Ningelilinda kundi lako kwa damu ya langu. Ng'o. Majike wamekwenda moja kwa moja kutoka bondeni hadi kwa mchinjaji, Jumamosi. Sikwenda kuwatazama.

Mwakani watu wa miti wataleta uzio wa waya kileleni, mrefu kunizidi mimi. Hapo wako hawatavuka tena, kama bado utakuwa nao. Lakini upepo wetu ni wa magharibi, Tegid, uliniandikia mwenyewe. Huo wa mashariki ulikuja mara moja katika miaka tisini. Wa magharibi unakuja kila mwaka. Kondoo wako watakimbia theluji kama walivyokimbia siku zote, watafika kwenye waya, na hakutakuwa na lango. Utasimama upande wako na kiko chako, utawasikia. Mwaka huo, na mwaka utakaofuata, na kila mwaka utakaopewa na Mungu.

Nimepewa nyumba ndogo kijijini, nyuma ya duka. Usinitembelee. Na kama unafikiri kumwandikia Iolyn habari za wale sitini na watatu, mwandikie. Tuone atamwamini nani, aliyefunga mnyororo au aliyemzaa.

Morfudd


Hafod Las
15 Aprili 1947

Mwanangu mpendwa Iolyn,

Keti chini kabla hujaendelea kusoma.

Sikukuandikia habari za theluji kwa sababu sikutaka uzipokee ukiwa peke yako kwenye nchi ya watu. Kundi letu limekufa. Walikimbia upepo wa mashariki wakafika kwenye ukuta wa mjomba wako, naye alikuwa ametia mnyororo langoni. Alisimama akawasikia siku mbili. Amekiri kwa mkono wake mwenyewe, barua ninayo, nitakuonyesha. Hiyo shukrani uliyomtumia, mwanangu, ameiweka chini ya Biblia.

Wakala hakuwa na la kufanya. Sharti lilikuwa kundi, na kundi halipo. Miti inapandwa vuli hii. Usiwe na hasira naye, ni mtu mwema, alilia karibu na mimi.

Usije nyumbani Alhamisi. Hakuna nyumba. Nenda moja kwa moja Swindon, ukamwombe yule fundi radhi, umwambie ulijibu kwa haraka. Gereji ni kazi safi, ya ndani, na magari hayafi kwa baridi. Nitakuja kukuona majira ya joto. Nimekufumia soksi nyingine, nzito zaidi, zimo ndani ya kifurushi pamoja na keki, na safari hii usiwape wenzako.

Najua utakachouliza, maana ningekuwa wewe ningeuliza hilohilo. Wale majike wachanga bondeni nao wamekwenda. Theluji ilifika mpaka baharini. Hakubaki hata mmoja, Iolyn. Ningebaki hata na wachache, unajua mama yako ningekuwekea wewe.

Mama yako akupendaye,
Morfudd